Naomba ushauri: namna ya kutenganisha punje laini za mchanga mweusi kwa maji

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam, na kwa ajili ya kujifunza madini nimekuwa nikiosha ndoo chache za mchanga wa pwani wenye mistari myeusi, nikitumia karai na ubao wa mteremko uliotandikwa blanketi, kama wafanyavyo wachimbaji wadogo kwenye mialo (sehemu za kuoshea) ya dhahabu.

Punje kubwa hazinisumbui. Tatizo ni zile laini kama unga: nikifungua maji kwa nguvu zinachukuliwa zote, nikiyapunguza mchanga mweupe unajazana juu ya blanketi na kuzifunika nyeusi, nyingine huelea kama utando, ingawa ilmenaiti (madini ya punje hizo nyeusi) ina uzito wa takribani mara 4.7 ya maji na kwatzi (mchanga mweupe) mara 2.65 tu. Tone moja la sabuni ya maji lilizizamisha zilizoelea, jambo lililonifurahisha sana.

Ninaelewa kwamba punje ndogo nzito huweza kuzama kwa mwendo sawa na punje kubwa nyepesi, kwa hiyo nadhani kosa langu ni kuosha bila kuchekecha kwanza. Je, nitumie chekeche zenye matundu ya ukubwa gani, na ubao niuinamishe kiasi gani? Na kuna aliyewahi kutumia bomba la wima, maji yakiingia polepole kutoka chini ili punje nyepesi zipande na nzito zibaki? Bomba la inchi 3 ninalo, ila maji ya kwetu hutoka kwa msukumo usiotulia, nami nafikiria kuweka ndoo juu ya meza iyalishe bomba hilo. Nitashukuru kwa maelezo ya aliyekwisha kujaribu.