Mtoto asiyeona giza likianza kuingia: waliopitia hili, tupeane uzoefu

Mama Nyemo: Leo nimempeleka mdogo kliniki kupewa matone ya vitamini A. Nesi alipokata ncha ya kile kidonge chekundu kwa mkasi akamkamulia mdomoni, nikamkumbuka mkubwa. Mwaka ule wa njaa huku Dodoma tulikuwa tunakula ugali wa mtama na mlenda mkavu, basi. Kuku wakianza kuingia bandani, yeye anakaa chini palepale alipo. Ukimwita, anakuja ametanguliza mikono. Nikadhani anadeka, mpaka siku alipokanyaga sufuria ya uji wa moto. Kwenye weupe wa jicho alikuwa na kitu kama povu la sabuni. Alipopewa matone, hazikupita siku tatu akawa anafukuzana na wenzake hadi giza liingie. Waliouguza watoto wa hivi njooni.

Dada_Manyoni: Hapo kwenye kutanguliza mikono nimelia. Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo.

Binti_Kigoma: Kwetu mawese yapo. Kijiko kimoja kwenye maharage, mtoto anaona mpaka usiku wa manane.

Mkongwa: Wengine hatuna michikichi nyuma ya nyumba, dada.

Baba Chiku: Nilikuwa nimeapa sitalisimulia hili. Binti yangu alipata surua akiwa na mwaka na miezi minne. Hakuwa amechanjwa, tulikuwa tumehamia na ng'ombe mbali na zahanati. Vipele vikaanza kukauka, tukashukuru Mungu, ila macho hafungui. Mwanga kidogo tu, anajificha kifuani kwa mama yake. Bibi yake akasema hilo ni joto la surua, akatwanga majani, akamkamulia. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Asubuhi ya pili jicho la kulia lilikuwa limefifia kama kioo ulichokipulizia pumzi. Jioni likawa jeupe, laini kama ute wa yai lililoanza kuiva. Nikampakia kwenye baiskeli, kilomita 30 na ushee. Daktari akamfunua kope, akanyamaza, kisha akauliza kama na la kushoto tulilitia dawa. Tulilitia, ila alipigana na mkono wangu, nyingi ikamwagikia shavuni. Akapewa matone siku ileile, na kesho yake, na tena baada ya wiki mbili. La kushoto likapona. La kulia likabaki na chamba, baadaye likasinyaa. Daktari alinieleza kwamba surua humaliza vitamini A ya mtoto ambaye hata hiyo aliyonayo ni kidogo, na jicho ndilo hulipa.

Nuru_T: Bibi huyo alipaswa kushtakiwa.

Baba Chiku: Usimguse mama yangu. Alitumia alichorithi kwa mama yake. Aliyekuwa anajua zaidi hakuwahi kufika kwetu kumwambia.

Mama Nyemo: Nuru, taratibu. Mwenzio anauguza kidonda.

Nuru_T: Sawa, pole baba. Lakini majani machoni, hapana. Hata ya bibi yangu mimi.

Muuguzi_Mstaafu: Mtoto akipata surua, apewe matone hata kama mwezi jana alipewa. Wengi wanamnyima wakidhani yatamzidi.

Kaka_Sengerema: Viazi lishe! Wangu wamevila mpaka viganja vya njano. Nilinunua na vidonge mtaani, nampa mdogo kila Jumamosi.

Muuguzi_Mstaafu: Acha leo hii! Viganja vya njano havina neno, viazi endelea. Vidonge ni kila baada ya miezi sita: cha bluu, uniti 100,000, kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu, uniti 200,000, kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Hii hulala kwenye ini, haitoki kwa mkojo. Ikizidi, mtoto anatapika na utosi unavimba. Na mjamzito asiviguse kabisa.

Kaka_Sengerema: Aisee. Anatapika tangu juzi, nikajua ni meno.

Muuguzi_Mstaafu: Mpeleke sasa hivi, na kopo lake ubebe.

Mkongwa: Mimi nasema maini tu, mengine yote ni biashara.

Dada_Manyoni: Maini kila siku utayatoa wapi? Mama Nyemo, mlenda hauna kosa, kosa ni jua. Sisi siku hizi tunaanika kivulini, mboga inabaki na ukijani wake. Na usipike bila karanga au mafuta, maana bila mafuta hiyo vitamini inapita hivihivi.

Mama Nyemo: Asante, mama yangu anaanika juu ya mwamba mpaka majani yanakuwa kama ugoro. Baba Chiku, binti yuko wapi sasa?

Baba Chiku: Kidato cha pili. Darasani hukaa kwenye ukuta wa kulia kabisa, ubao wote uwe kushotoni kwake. Akija mwalimu mpya akamhamisha, hasemi kitu, anakuja kuniambia mimi jioni. Kesho yake naenda shule.