Faili langu la Python nikilibofya linafungua Notepad, nakosea wapi?

MamaTrei

Habari za usiku wakuu. Mimi nafuga kuku wa mayai huku Dodoma, Python, ile lugha ya kuandikia programu, nimeianza Jumamosi. Mtoto wa dada yangu yuko chuo, ndiye aliyeniambia daftari la mauzo naweza kulihamishia kwenye kompyuta, ila nianze na kitu kidogo: naandika idadi ya trei, mashine inanitajia pesa. Akanitumia mistari miwili kwa WhatsApp, halafu akaingia kwenye mitihani na simu hapokei tena.

Python ikiwa bado inapakuliwa kwa mwendo wa konokono, nikabandika mistari yake Notepad nikasevu kwa jina mayai.py. Ni hii:

`trei = input(“Trei ngapi? ”)`
`print(trei * 9000)`

Baadaye Python ikaingia, ikasema imekamilika. Sasa nikibofya faili mara mbili, inafunguka Notepad na maandishi yangu yaleyale yananitazama. Nikafungua kile kidirisha cheusi nikaandika python, likafunguka duka la Microsoft linataka nipakue tena! Na bando lenyewe la kuungaunga. Kompyuta ni ya mtumba, Windows 10.

kobe_mwendo

Piga Windows upya dada. Hizi za mtumba zina mambo mengi.

FundiWaUani

Dada, usipige Windows. Nchi hii hata kipanya kikiisha betri utaambiwa upige Windows. Mashine yako ni nzima. Una matatizo mawili yasiyojuana, na la tatu linakusubiri mlangoni.

La kwanza ni jina. Wewe unaona mayai.py, lakini nakuhakikishia faili hilo linaitwa mayai.py.txt. Notepad imelipachika mkia wa .txt, na Windows ina tabia ya kuficha mikia. Fungua folda lilipo, juu bofya View, weka tiki kwenye File name extensions. Mkia utajitokeza. Badilisha jina uondoe .txt, Windows itakutisha kwamba faili linaweza kuharibika, wewe kubali tu. Siku nyingine ukisevu, pale kwenye Save as type chagua All Files.

La pili ni hilo duka. Windows 10 imekuja na kitu kinachojibu jina "python" kabla hata hujaiweka, nacho kazi yake ni kukupeleka dukani. Python yako imo, ila wakati wa kuiweka kulikuwa na kisanduku chini kabisa kinachotaja PATH, yaani orodha ya mahali Windows inapotafuta programu, na karibu kila mtu hukiruka. Mimi mwenyewe nilikiruka, nikahangaika siku mbili, na nilikuwa nimeshaanza kujiita fundi. Usipakue chochote. Badala ya python andika py, herufi mbili tu. Hiyo haitegemei kile kisanduku.

Kidirisha cheusi nacho lazima kiwe kwenye folda lenye faili. Njia ya mkato: ukiwa ndani ya folda hilo, bofya kwenye upau wa juu unaoonyesha njia ya folda, futa, andika cmd, bonyeza Enter. Kitafunguka hapohapo. Kisha:

`py mayai.py`

La tatu silitaji. Lilete mwenyewe, utalikumbuka vizuri zaidi.

mwl_hesabu

Mimi wanafunzi wangu nawaanzishia Thonny, programu ya kuandikia na kuendesha Python. Imetengenezwa Estonia, Chuo Kikuu cha Tartu, kwa ajili ya wanaoanza. Inakuja na Python yake ndani, unaandika juu, unabonyeza kitufe cha kijani, jibu linatoka chini. Hakuna PATH wala cmd.

FundiWaUani

Sipingi mwalimu, Thonny ni nzuri, akipata bando aiweke. Ila amebakiza hatua mbili na Python anayo tayari, aimalize hii kwanza.

MamaTrei

Mkia ulikuwepo kweli! Nimeukata. Sasa imeleta hivi:

`SyntaxError: invalid character '“' (U+201C)`

Na kuna mahali nilijichanganya: niliandika py peke yake, vikatokea vialama `>>>`, nikaandika py mayai.py mbele yake, ikaleta kosa jingine.

FundiWaUani

Hapo kwenye `>>>` ulikuwa umeshaingia ndani ya Python, na humo haielewi amri za kidirisha cheusi. Andika `exit()` utoke, kisha rudia.

Na hiyo “ ndiyo la tatu nililosema. Tazama kwa karibu alama alizokutumia kijana wako: zimepinda kama mkia wa panya. Python inataka zilizosimama wima, `"`. Naweka dau ana iPhone, zile huzipinda zenyewe mtu akichapa. Zifute zote mbili, uchape mwenyewe kwa kibodi ya kompyuta. Msimbo wa WhatsApp usiubandike, uchape.

MamaTrei

Ni iPhone, kaka, umejuaje. Imekubali! Ikaniuliza Trei ngapi, nikaandika 3, na skrini nzima ikajaa 3333333333 mpaka nikafikiri nimeiua kompyuta. Mume wangu kaja kuangalia nimepigia nini kelele.

FundiWaUani

Hahaha. Haijafa, imekutii. Kinachotoka kwenye `input` ni maandishi, hata ukichapa tarakimu. Kwake ile 3 si idadi, ni mchoro wa tatu, na wewe umeiambia irudie mchoro huo mara 9000. Umepata tatu 9000 kamili, ukitaka zihesabu. Mwambie aigeuze iwe namba nzima:

`trei = int(input("Trei ngapi? "))`

Angalia mabano mwishoni ni mawili, moja la input, moja la int.

MamaTrei

27000!!! Nimeijaribu na 10, 90000. Ila kuna jirani kachukua trei mbili na nusu, nikaandika 2.5 ikagoma, inasema ValueError.

mwl_hesabu

int inapokea namba nzima tu. Weka `float` mahali pa int, itakubali 2.5.

FundiWaUani

Itakubali, na itamjibu 22500.0 yenye nukta. Dada, kwenye daftari lako nusu trei unaiandikaje?

MamaTrei

Naandika mayai 15. Trei ni 30.

FundiWaUani

Basi hesabu mayai, usihesabu trei. 9000 kwa 30 ni 300 kwa yai.

MamaTrei

Nimekaa nayo baada ya kufungia kuku. Yule jirani alipakia kwenye bodaboda, akafika na manne yamepasuka, nikakubali kumtolea. Hii nimeiandika mwenyewe, sijamuuliza mtu:

`mayai = int(input("Mayai mangapi? "))`
`yamepasuka = int(input("Yaliyopasuka? "))`
`print((mayai - yamepasuka) * 300)`

75, kisha 4. Imejibu 21300. Nimempigia kumwambia kiasi, kasema kwa hesabu yake ya kichwa ni 21000. Nimemwambia arudie.