Shule ya msingi ya jirani: siku ya kutembelea niangalie nini?

Mzazi Mgeni
Wadau, habari za leo. Mtoto anaanza darasa la kwanza, na shule ya umma iliyo karibu inawaruhusu wazazi kuingia asubuhi moja kabla ya kuandikisha. Kwa mtazamo wa kwanza inavutia: uwanja umefagiwa, kuta zina michoro, mwalimu mkuu anapokea wageni vizuri. Bado hayo hayaniambii kama watoto wanajifunza. Nikipewa muda wa saa mbili, niangalie nini hasa?

Chaki Nyeupe
Anza na madaftari, mkuu. Omba matatu ya darasa moja, somo moja: la anayefanya vizuri, la wa kati na la anayesuasua. Fungua tarehe ileile katika yote matatu. Sentensi zikifanana neno kwa neno, hadi kosa la tahajia, basi watoto wamenakili ubaoni, hakuna aliyeandika cha kwake. Kisha fuata kalamu nyekundu. Alama ya vema kwenye 7 + 8 = 14 maana yake kurasa zimesahihishwa bila kusomwa. Unachotafuta ni kosa lililozungushiwa, na chini yake mtoto amelirudia mwenyewe kwa usahihi. Lakini usimhukumu mwalimu mwenye watoto 60 kwa kutosahihisha kila kitu. Anayepita kati ya madawati akisahihisha huku wanaandika anafanya kazi kubwa, maana kosa linarekebishwa kabla halijazoeleka.

Hesabu Kichwani
Naongezea la darasani. Kaa nyuma, chora ramani ya madawati, weka kijistari kila mtoto anapoulizwa swali. Baada ya dakika 20 ukiona vijistari vimejaa mbele na pembeni pametupu, muulize mwalimu huwa anawabadilishia nafasi kila baada ya muda gani. Hesabu pia sekunde kimoyomoyo kati ya swali na jibu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 alikuta walimu wakingoja kama sekunde 1 tu. Walipojizoeza kungoja 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Ile "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" haipimi kitu, maana wachache wenye sauti wanawabeba wengine wote.

Mzazi Mgeni
Asanteni sana. Na kusoma je? Darasa la pili wanasoma kwa pamoja, bila kukwama hata mara moja.

Chaki Nyeupe
Hapo ndipo pa kuwa makini, huenda wamekariri. Tazama kidole cha mtoto: mdomo umefika mstari wa tatu, kidole bado kiko wa pili. Mwalimu akikuruhusu, mchukue mmoja pembeni, si mbele ya wenzake. Funika picha kwa kiganja, mwonyeshe maneno ya ukurasa huohuo kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Anayejua kusoma atapunguza kasi lakini atayataja. Aliyekariri atakutazama usoni. Mpe pia sentensi mbili mpya, halafu umuulize zinasema nini. Wapo wanaotamka vizuri kabisa bila kuelewa.

Kamati ya Wazazi
Vyoo viangalie baada ya mapumziko, si asubuhi vikiwa vimetoka kuoshwa. Ingia ndani kabisa. Komeo lipo, na mtoto wa miaka 6 analifikia? Maji yako mlangoni au ng'ambo ya uwanja? Sabuni je? Mlango usipofunga, watoto hujibana hadi nyumbani, wengine hawanywi maji kutwa ili wasilazimike kwenda.

Halafu rudi saa ya kutoka, usimame langoni. Yupo mwalimu anayewakabidhi wadogo mmoja mmoja, au lango linafunguliwa tu na wote wanamwagikia barabarani? Ukikuta hilo la pili, mwone mwalimu mkuu ukiwa na pendekezo: orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto, na darasa la kwanza litoke dakika 10 kabla ya wakubwa.