Mnaotetea lumbesa kwa jina la uliberali, mmewahi kulima hata tuta moja la viazi?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya damu inachemka. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile za bei ya viazi, maana bei siyo kinachoniuma zaidi.

Jumamosi nilikuwa kwa shangazi yangu, anakolima upande wa Isyonje. Umri umepita 70 na bado anashika jembe. Mnunuzi kaja na kenta, magunia yake, vijana wake wa kujaza. Gunia likajaa, nikadhani ndiyo basi. Wapi! Wakaunga kipande cha gunia jingine juu, wakapanga viazi kimoja kimoja kama fundi anayepandisha kozi za tofali, wakashona kwa kamba mpaka likaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Moja nililipeleka mwenyewe kwenye mizani ya duka la jirani: kilo 148. Analipwa gunia moja. Hizo 48 ni sadaka, shangazi katoa bila kuombwa.

Jioni kijiweni nikalisema. Jamaa mmoja msomi, naye ni dalali, akanijibu huku anakoroga kahawa: "Mkuu, huo ndiyo uliberali wenyewe, uhuru wa mtu kuamua mambo yake. Bibi kashikiwa panga? Kamsome Adam Smith, baba wa uchumi wa soko huria." Kijana mwingine, wale wa semina, akadai mliberali halisi ni yeye, kwa hiyo serikali iweke kibali kwa kila mnunuzi na geti kila kata. Mzee wa pembeni akamaliza kwamba uliberali ni uhuni wa Wazungu. Basi kila mtu na uliberali wake!

Sasa dalali, huyo Smith unayemtaja mimi nimemsoma. Kwenye kitabu chake cha 1776 anasema wazi kwamba wafanyabiashara wa aina moja ni nadra kukutana, hata kwa starehe, bila maongezi kuishia kwenye njama dhidi ya wananchi, au hila ya kupandisha bei. Kama alikuwa Igawilo vile! Uliberali mkongwe haukuwa dini ya wachuuzi. Ulikuwa ugomvi na watawala waliogawa upendeleo: kampuni fulani peke yake ifanye biashara, chama fulani peke yake kifanye ufundi. Uingereza mwaka 1815 wenye ardhi walipitisha sheria za kuzuia nafaka ya nje ili ya kwao iuzwe ghali, maskini wakala mkate wa bei ya kuruka. Waliberali walipigana nazo mpaka zikafutwa 1846. Hapo nawavulia kofia. Mwaka 2017 sisi tulizuiwa kuuza mahindi nje, na mpaka wa Zambia, Tunduma, uko hapo tu. Katazo lao lilizuia nafaka kuingia, letu lilizuia kutoka, lakini mambo ni yale yale: asiyelima anakupangia mahindi yako yaende wapi.

Kijana wa semina, usicheke, nakuja kwako. Uliberali wa sasa unaoupenda haukushuka na projekta hotelini. Mwaka 1881 T. H. Green, mwalimu wa Oxford, alitoa mhadhara kuhusu uhuru wa mikataba. Alitazama wapangaji wa mashamba kule Ireland, mtu ambaye asipokubali masharti ya mwenye shamba familia yake inalala njaa, akasema mkataba wa namna hiyo ni wa uhuru kwa jina tu. Serikali ina kazi ya kulinda mikataba, na ina kazi pia ya kuzuia ile inayotokana na unyonge wa upande mmoja. Haya, shangazi na viazi vyake ni nini? Kiazi kikishachimbwa hakisubiri. Kikipigwa na mwanga kinageuka kijani, na mnunuzi anajua. Chama cha Liberal kilichofuata fikra hizo ndicho kilichopitisha pensheni ya wazee 1908, hadi shilingi tano kwa wiki kwa wenye kipato kidogo waliofika miaka 70. Zanzibar wamefanya kama hivyo tangu 2016. Huku bara shangazi anasubiri kenta.

(Na wahadhiri nao wametuchanganya. "Uliberali mamboleo" kwa Kiswahili chetu ni ubinafsishaji na masharti ya IMF tuliyosaini 1986, yaani kurudi kwa ule mkongwe. Marekani ukimwita mtu mliberali leo unamaanisha anayetaka serikali imsaidie mnyonge. Mtu asikosee vipi?)

Ila kijana, hilo geti unaloomba liongezwe mimi nimelikuta barabarani. Gunia nne za kula, naziteremsha kutoka wilayani kuja jijini, tani haifiki. Tangu 2017 mzigo wa mazao usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru. Kizuizini nikasimamishwa, nikaombwa hela, na mashine ya risiti ikawa ghafla "haina chaji". Kwenye kizuizi niko na Smith, kwenye lumbesa niko na Green, na mniite kigeugeu mkitaka. Yule anayenipora barabarani na yule anayenipora shambani wote wanakunywa kahawa meza moja na mimi.

Na nani kaona afisa vipimo Isyonje msimu huu? Mimi sijamwona. Kukata risiti watu wapo, kupima gunia hakuna mtu!

Mnunuzi anarudi Alhamisi. Shangazi ameshachimba, viazi viko chini ya nyasi. Mwenye mizani ya kuning'iniza ya kuazima, awe Uyole au Igawilo, anicheki inbox kabla ya Jumatano jioni. Nauli ya kuifuata juu yangu.