Kuacha uhasibu na kuwa mwalimu wa yoga nikiwa na miaka 47

Mhasibu47
Habari zenu, ndugu. Nimekuwa mhasibu kwa miaka 22, na kwa miaka tisa sasa ninafanya yoga karibu kila siku, jambo nililolianza kwa sababu ya maumivu ya kiuno. Nimekubaliwa katika mafunzo ya ualimu ya saa 200, ambayo naweza kuyamaliza kwa mwezi mmoja wa kushinda darasani, au kwa siku za mwisho wa juma katika kipindi cha mwaka. Je, saa hizo zinatosha kumfanya mtu akabidhiwe miili ya wengine? Na je, mtu wa umri wangu, asiyeweza kusimama kwa kichwa bila kuegemea ukuta, atakubalika kuwa mwalimu?

MkekaWaAlfajiri
Karibu sana, ndugu yangu. Mimi nilianza kufundisha nikiwa na miaka 51. Kipimo hicho cha saa 200 kimeenezwa na Yoga Alliance, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1999, nacho huorodhesha walimu na vyuo, hakitoi leseni kama ile ya daktari. Katika saa hizo utajifunza mikao, pumzi, anatomia, falsafa na mbinu za kufundisha, lakini kujua mkao na kuufundisha ni kazi mbili tofauti. Siku yangu ya kwanza niliwatazama wanafunzi, nikasema "inueni mguu wa kulia" huku nikiinua wangu wa kulia, na nusu ya darasa wakainua wa kushoto kwa kunifuata kama kioo. Kwa hiyo ningechagua mafunzo ya mwaka mzima, kwa kuwa kati ya juma na juma utapata nafasi ya kuwafundisha wenzako wawili watatu, ukosee, kisha urudi na maswali.

GotiLaZamani
Kuhusu kusimama kwa kichwa, usijisumbue. Mkao huo unaweza kuielemea shingo, na wapo walimu wazuri wasioufundisha kabisa katika darasa la watu wengi. B.K.S. Iyengar mwenyewe, mwalimu mashuhuri wa yoga kutoka India, alijulikana kwa kutumia matofali ya mbao, mikanda, viti na kuta, basi ukuta wako si aibu. Wengi watakaokufuata watakuwa rika lako: mwenye shinikizo la macho asiyefaa kupinduliwa kichwa chini, au mwenye mifupa iliyopungua uimara, ambaye kujikunja sana mbele kunaweza kumvunja pingili za uti wa mgongo. Aliyeishi na kiuno kibovu hukumbuka kuuliza mambo hayo kabla ya somo.

HesabuKwanza
Wewe ni mhasibu, basi piga hesabu. Mara nyingi mwalimu hulipwa kwa kipindi, na muda wa safari na maandalizi haulipwi, ilhali bima hujilipia mwenyewe. Usiache kazi bado.

Mhasibu47
Nawashukuru. Nitachukua mafunzo ya mwaka, na nitamwomba mwajiri anipunguzie siku moja ya kazi kwa juma. Limebaki moja: ni lazima mwalimu amguse mwanafunzi ili kumrekebisha?

MkekaWaAlfajiri
Si lazima. Jaribu kwanza maneno, kisha onyesha kwa mwili wako mwenyewe. Ukiona bado mkono unahitajika, omba ruhusa kila mara, hata kwa yule aliyekubali wiki iliyopita.