Shakuhachi ya mwanzi wa huku: rula au sikio?

Mwanzi_Mafinga: Wakuu, salaam. Shakuhachi yangu (filimbi ya Kijapani) ya mwanzi wa hapa Mafinga ina urefu wa sm 54.5, matundu manne mbele na moja nyuma, vyote kwa rula. Ukiziba matundu yote sauti ya chini ni Re safi, lakini oktava yake (noti ileile ya juu zaidi) inashuka karibu theluthi ya nusu toni (hatua ndogo kati ya noti mbili jirani). Wengine wanasema Wajapani hawapimi, wanasikiliza tu. Nifuate lipi?

Fundi_Tupa: Mkuu, rula imepima nje, kinacholia ni hewa ya ndani. Uwazi wa shakuhachi huanza mpana mdomoni, hubana kadiri unavyoshuka, kisha hufunguka kidogo karibu na mzizi, yaani mwisho wa chini. Ukiwa na upana mmoja juu hadi chini, oktava hushuka.

Usikimbilie tupa. Chana gazeti ukubwa wa kucha, liloweshe, lisukume kwa kijiti linate ndani, robo ya urefu kutoka mdomoni. Puliza chini, puliza juu. Kisha lihamishie robo ya kutoka mwisho. Kubana sehemu hizo huinua oktava bila kuisumbua sana sauti ya chini. Katikati kabisa ni kinyume: ya chini hupanda, oktava hushuka. Kwa hiyo kama katikati pamebana, pasugue kwa msasa uliozungushiwa kijiti.

Sayansi inakuonyesha pa kubandika. Unene wa kubandika ni kazi ya sikio, maana kipande kinachoponya noti moja huweza kuifanya jirani yake iwe na mkwaruzo. Jaribu noti zote ndipo ujaze kwa kudumu. Wajapani hujaza kwa ji, unga wa udongo uliokorogwa na utomvu wa urushi. Huku gundi ya epoksi na vumbi la mwanzi vinafaa, tabaka jembamba jembamba.

Kidevu: Gazeti sawa, ila zipo za jinashi, hazijazwi ndani kabisa, na ndizo zenye sauti ninayoipenda zaidi. Mpigaji hurekebisha kwa kidevu: ukikiinua (kari) sauti hupanda, ukikiinamisha (meri) hushuka hata nusu toni nzima. Hakikisha kwanza hupulizi oktava ukiwa umeinama.

Na mwanzi wa ulanzi una kuta nene, uwazi mdogo. Chagua shina pana. Usichonge mbichi. Upashe kwenye mkaa polepole ukiuzungusha, futa mafuta yanayotoka, kisha ukae kivulini miezi kadhaa. Usipokauka vizuri utapasuka, na wadudu wataubungua kwa ajili ya wanga.

Baridi_ya_Mbeya: Ongezeni joto. Sauti hukimbia m 337 kwa sekunde kwenye nyuzi 10, m 343 kwenye nyuzi 20. Filimbi ileile asubuhi ya Juni hulia chini kwa karibu theluthi ya nusu toni kuliko mchana. Mwinuko wetu haubadilishi kitu, ni joto tu. Baridi hushusha noti zote pamoja, kwa hiyo haielezi oktava yako, ila ukipima oktava filimbi ikiwa baridi na ya chini ikiwa imepata moto, utajaza mahali pasipo na kosa. Ipulize dakika 5 ndipo uwashe tyuna ya simu.