Anayeanza kuhariri picha: alipe kila mwezi au anunue mara moja tu?

Mleta mada
Wadau, hoja yangu ni hii: anayeanza kuhariri picha asianzie kwenye programu ya kulipia kila mwezi. Bei siiweki mbele. Ninachokiangalia ni namna ya kutoka siku ukiamua kuacha.

Chukua Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kuhariri picha. Marekebisho yote unayofanya kwenye picha RAW (faili ghafi la kamera kabla ya kuchakatwa), iwe mwanga, rangi au kukata kingo, hayaandikwi ndani ya picha yenyewe. Yanakaa kwenye katalogi, faili lenye mkia wa .lrcat, kama orodha ya maagizo. Ukiacha kulipa, programu bado inafunguka, picha unaziona na unaweza kuzitoa kama JPEG, lakini sehemu ya Develop, ya kurekebishia picha, inafungwa. Kazi ya miaka yote hiyo unabaki kuitazama tu.

Halafu kuna mkataba. Mpango wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo kila mwezi si sawa na mpango wa mwezi kwa mwezi. Kwa Adobe, ukijitoa baada ya siku 14 za kwanza unatozwa nusu ya kiasi kilichobaki mpaka mwaka uishe. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ikidai kwamba tozo hiyo ilifichwa wateja wasiione wakati wa kujiunga. Mgeni anaona tarakimu ya mwezi mmoja na kudhani anaweza kuondoka mwezi wowote.

Histogramu
Napinga, mkuu. Huko kwenye kununua mara moja unakusifia kuliko hali halisi.

Lightroom 6 ya mwaka 2015 ilikuwa ya kununua. Masasisho yake yalikoma Desemba 2017, na kamera nyingi zilizotoka baada ya hapo RAW zake haizifungui. Aperture ya Apple nayo ilikuwa ya kununua: mwaka 2014 Apple ikatangaza kuiacha, na tangu macOS Catalina ya 2019 haifunguki kabisa. Photoshop Elements 2025 unailipia mara moja, ila leseni yake ni ya miaka 3, na ikiisha huwezi tena kuhariri nayo. Capture One unaweza kuinunua, lakini tangu 2023 mnunuzi hapati vipengele vipya vinavyoongezwa baadaye.

Na hilo la kufungiwa halihusiani na aina ya malipo. Maagizo ya DxO PhotoLab hayasomeki Capture One, na ya Capture One hayasomeki darktable. Kila programu ina hesabu zake za rangi.

Mleta mada
Kwamba maagizo hayahamishiki kokote, nakubali. Tofauti ninayoisemea ni kwamba mwenye Lightroom 6 kwenye kompyuta ya zamani bado anarekebisha picha zake leo bila kulipa chochote. Aliyeacha usajili hawezi.

Kamera mpya nayo ina dawa. Adobe wanatoa bure DNG Converter, inayogeuza RAW kuwa DNG, aina ya RAW ambayo programu ya zamani inaweza kuisoma: unachagua folda yenye RAW, unachagua folda ya kuweka matokeo, kisha kwenye mapendeleo unaweka kiwango cha utangamano kinacholingana na toleo la programu yako. Wengi hukwama hapo. Wanaacha kiwango kipya kilichowekwa tayari, programu ya zamani inalikataa faili, nao wanadhani njia hii haifanyi kazi. RAW za asili usizifute baada ya kubadilisha, kwa sababu programu ya mtengenezaji wa kamera inazihitaji hizo.

KibodiNyeusi
Tuweke hesabu. Chukulia programu ya kununua ina bei sawa na ada ya miezi 18 ya usajili, na kupanda toleo jipya ni nusu yake, yaani miezi 9.

Ukipanda toleo kila mwaka, ndani ya miaka 3 umelipa 18 + 9 + 9 = 36. Mwenye usajili naye amelipa 36. Ngoma droo. Ukipanda mara moja tu, baada ya miaka 2, ndani ya miaka 4 umelipa 27 na mwenzako 48. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza toleo jipya hutoka kila baada ya muda gani na wenye toleo la zamani hupunguziwa kiasi gani. Mwenye kamera ileile na kompyuta ileile hana haja ya kukimbizana na matoleo.

Mwangaza
Nyote mnagombania pesa ambayo anayeanza hana sababu ya kuitoa. RawTherapee na darktable ni bure na zinafungua RAW. GIMP 3.0 ya Machi 2025 ni bure. Affinity, iliyokuwa ya kununua, imekuwa bure tangu Oktoba 2025, isipokuwa zana za akili bandia zinazohitaji usajili wa Canva, mmiliki wake. Canon wana Digital Photo Professional na Nikon wana NX Studio, zote bila malipo.

Kosa ni kuzivamia bila mpangilio. GIMP haifungui RAW yenyewe, inaikabidhi darktable au RawTherapee, kwa hiyo sakinisha mojawapo kwanza. Kwenye darktable usiguse kila kitu: anza na moduli ya exposure (mwanga), kisha sigmoid au filmic rgb (kuusawazisha mwanga huo uendane na skrini), kisha color calibration (mizani ya rangi). Moduli ya white balance, ambayo nayo ni ya mizani ya rangi, iache ilivyo. Ukiirekebisha huku color calibration nayo inafanya kazi, mizani ya rangi inafanywa mara mbili, programu inatoa onyo na ngozi za watu zinaharibika rangi.

Histogramu
Mwangaza, kwa kujifunza nakuunga mkono. Lakini yupo anayeanza akiwa tayari na kazi ya malipo, mwenye picha mia nane za harusi za kukabidhi wiki hiyohiyo. Huyo anahitaji maski (kuteua sehemu ya picha ya kurekebisha) inayomtambua mtu yenyewe na njia ya kuoanisha marekebisho kwa mamia ya picha kwa mkupuo. Mpango wa mwezi kwa mwezi, ingawa ada yake ni kubwa zaidi, utamfaa: alipe mwezi wenye kazi, asitishe mwezi usio na kazi.

Ila ajaribu kwanza kwenye kipindi cha majaribio, tena kwa picha yake mbovu kuliko zote, ile ya gizani yenye ISO 6400. Kuondoa chengachenga kwa akili bandia kunategemea kadi ya michoro. Kwenye kompyuta dhaifu picha moja huchukua dakika kadhaa, na kulipa ada hakutaiongezea kompyuta nguvu.

Mleta mada
Kwa huyo wa harusi sina ubishi. Lakini ajiandae kutoka tangu siku ya kwanza. Kwenye mipangilio ya katalogi, sehemu ya Metadata, awashe uandishi wa moja kwa moja wa XMP, yaani maelezo ya picha yanayokaa kwenye faili dogo kando ya RAW. Kwa picha za nyuma azichague zote kisha abonyeze Ctrl+S, au Cmd+S kwenye Mac. Maneno ya utafutaji na nyota zitahama naye. Mikusanyo na nakala pepe (marekebisho mbadala ya picha ileile) havimo ndani ya XMP, na bendera za kuteua picha huenda zisihame naye, kwa hiyo picha zenye bendera azipe nyota kabla.

Zile bora azitoe kama TIFF ya biti 16, faili kubwa linalotunza ubora, zilizobaki kama JPEG. Asitoe zote TIFF: picha ya megapikseli 24 isiyobanwa ni 24 × rangi 3 × baiti 2, karibu MB 144. Picha elfu moja ni GB 144.

KibodiNyeusi
Na hiyo diski ya kuzihifadhia nayo iingie kwenye hesabu, awe wa usajili au wa kununua.